Maneno Ambayo Ubah Hakuyasema

Ubah alikataa mkalimani wa Kisomali. Kwa Kiingereza chake cha dukani alimweleza Navdeep, binti wa Kisingasinga anayesimamia ofisi ya kusaidia vijana waliobadili jinsia pale mtaa wa Ladywood, kwamba akiletewa Msomali, habari zitafika Lozells, mtaani kwake, kabla yeye mwenyewe hajashuka basi. Nipeni wa Kiswahili, akasema, mimi nimelelewa Mombasa. Basi akaletewa Vimla, Mhindi wa Kisumu, mjane, asiyejuana na mtu yeyote msikitini. Mtu salama kabisa, au ndivyo walivyodhani.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mtoto wa Ubah, wa miaka kumi na saba, alizaliwa binti akaitwa Najmo. Sasa anasema yeye ni mvulana, jina lake Zakariye. Waligombana, akaondoka, na kwa wiki tatu alikuwa akilala hosteli. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kuamua: arudi kwa mamake, au atie sahihi chumba cha hosteli kiwe chake mpaka mwakani. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na alikataa katakata kumtafsiria mamake. Nani angemlaumu?

Vimla kazi yake aliijua. Mkalimani haongezi, hapunguzi, na husema "mimi" kana kwamba maneno ni yake. Mwaka mzima alikuwa amekaa kwenye kiti kile akiwa mama wa watu na baba wa watu. Akimaliza hurudi kwenye flati yake, akawasha televisheni ili angalau nyumba iwe na sauti. Upweke ulikuwa unamla, huo ndio ukweli. Naye alikuwa na mtoto mmoja, aliyeondoka miaka minne iliyopita kwa sababu ile ile iliyomleta Ubah. Ofisini hakuna aliyejua.

"Mwambie sielewi," Ubah alianza. "Sielewi hata kidogo."

Vimla akasema kwa Kiingereza: mimi sielewi.

"Hilo jina jipya linanikwama. Nitakosea sana. Lakini kila siku napika wali wa watu wawili, nakula peke yangu, unaobaki namwaga. Ni dhambi, najua."

Vimla aliyatoa yote, neno kwa neno. Zakariye alitazama viatu vyake tu. Ubah alikuwa amemaliza. Hapo Vimla naye angenyamaza, ndiyo kazi. Lakini mdomo haukusimama. Uliendelea kwa Kiingereza kile kile, kwa sauti ile ile:

"Ulipobisha, nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikusikia ukiniita. Nikazima redio ili udhani sipo."

Zakariye aliinua kichwa. "Mama hajasema hivyo."

"Nini?" Ubah alimgeukia mwanawe. "Huyu mama amesema nini?"

Navdeep aliacha kuandika. Vimla uso ukamshuka, akatamani ardhi immeze. Kijana ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Amesema... nilibisha mlango, na wewe ukajificha."

Lo! Ubah aliruka wima, kiti kikaanguka.

"Mimi? Mimi nimfungie mlango Zakariye? Nani kasema? Ufunguo anao mfukoni mwake! Aje saa yoyote, na nywele zozote, na jina lolote! Mtoto wangu huyu, sikumwokota!"

Hakuna aliyemwomba Vimla atafsiri. Zakariye alikuwa analia waziwazi, akijifuta kwa mkono wa koti. Fomu ya hosteli ilibaki mezani bila sahihi. "Twende nyumbani, hooyo," akasema, akimwita mama kwa Kisomali.

Vimla aliomba radhi kwa Navdeep, akachukua mkoba wake, akatoka mbio kama mwizi. Mama na mwana walimkuta nje, ameegemea ukuta. Ubah alipita bila kumsalimu, bado ana hasira. Zakariye ndiye aliyesimama.

"Huyo alikuwa wako, sivyo?" aliuliza kwa Kiingereza. "Aliyebisha. Anaitwa nani?"

"Tarun," Vimla alisema. Jina la kujichagulia, kama la Zakariye, na hakuwa amewahi kulitamka hata peke yake.

"Yuko wapi sasa?"

Wenzake wa hekaluni huwa anawaambia yuko mji wa Leeds, anasoma, anaendelea vizuri. Hapo barabarani, mbele ya mtoto wa mtu, uongo huo ulikataa kutoka.

"Sijui," alisema. "Sijui hata kama yuko hai."

Ubah alikuwa amesimama mbele kidogo, akimngoja mwanawe, na maneno hayo aliyasikia, akayaelewa. Alirudi, akamtazama Vimla usoni. Kisha akamshika Zakariye mkono, akaukaza, wakaenda zao kituoni.