Nguvu Alizotunza Khaled

Kwetu Buyenzi mwanamume hamwambii baba yake mambo ya chumbani, wala mama yake, wala mjomba. Anamwambia bibi yake. Bibi na mjukuu ni watani. Tangu Khaled anatambaa nilikuwa namwita mume wangu, na alipojua kusema akawa ananiita mke mkubwa. Hata sasa, mwanamume wa miaka thelathini na mbili, mwenye ndevu na mikono ya grisi, hapiti mlangoni kwangu bila kuuliza nimempikia nini. Kwa hiyo alipokataa kutaja siku ya ndoa yake, nyumba nzima ilinigeukia mimi. Mwanne, walisema, muulize mumeo.

Na haraka ilikuwepo. Mchumba wake alikuwa Houda, binti wa Sulemani muuza vitambaa, msichana mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Khaled alimpenda hivi kwamba akimwona anapita mbele ya gereji, spana inamtoka mkononi. Lakini vita vilikuwa vimemchosha Sulemani. Mabomu yaliyorushwa kutoka milimani yalikuwa yameanza kuangukia mitaa ya watu anaowajua, na ndugu yake alikuwa amempatia nyumba Kigoma. Akatuma neno la wazi: meli ikiondoka mwezi ujao, familia yake inaondoka nayo. Houda akiwa mke wa mtu, atabaki na mume wake. Kama si mke wa mtu, atapanda meli, na Kigoma nako kuna wanaume.

Khaled akajibu, bado kidogo. Sulemani akauliza tena, Khaled akajibu vilevile. Mimi si mtu wa kungoja kidogo za watu. Asubuhi moja nilimwekea chai na chapati, kisha nikachukua kigoda nikakaa mlangoni, na mimi nikikaa mlangoni hapiti mtu.

"Mume wangu," nikamwambia, "huyu Houda humutaki tena?"

"Namutaka, bibi. Namutaka mpaka silali."

"Sasa shida iko wapi?"

Akaitazama chai yake kama ameona nzi ndani. "Naogopa nguvu zangu zitaisha."

Nilimtoa maneno moja moja. Kumbe kwa miaka mingi, akiwa peke yake chumbani, alikuwa na mazoea ya punyeto. Hilo halikunishtua, nimelea wanaume watano. Ila alikuwa amesikia tangu ujana kwamba punyeto inakausha uti wa mgongo na kupofusha macho, na kila jioni akitoka kazini kichwa kilikuwa kinampasuka, anasikia kizunguzungu, chakula hakipiti. Akaamini ndiyo malipo yake. Ramadhani ilipofika akaiacha kabisa, mchana na usiku, kwa heshima ya mwezi. Kabla mwezi haujafika katikati kichwa kikapona. Akawa anakula futari kwa hamu, anaamka daku kabla ya jogoo. Idi ikapita, akaapa kuendelea. Na pale gereji bwana wao Hamimu akawa anawaambia vijana kwamba mwanamume ni betri, usichokitumia kinabaki ndani.

"Sasa nikioa, bibi, si zote zitatoka?" akasema. "Kichwa kitarudi. Houda atakuwa ameolewa na mugonjwa."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumchapa na mwiko. Lakini niliona amesukuma chai pembeni, na moyo wangu ukalainika.

"We njo ulinifundisha," nikamwambia. "Gari ya mutu ikilala mwaka, betri inafanya nini?"

"Inakufa."

"Haya basi."

"Lakini kichwa kilipona, bibi. Ulikiona mwenyewe."

Ni kweli nilimwona ananenepa mashavu. Nikajitanda khanga nikamwambia twende mtaa wa jirani, Nyakabiga, kwa Hyacinthe, mganga wa zahanati aliyenitibu goti. Ni mtu wa sauti ya pole ambaye hacheki shida za watu. Khaled alikubali kwa sharti moja, kwamba nitangulie, yeye anifuate kwa mbali kama hatujuani.

Kwenye benchi la zahanati tulimkuta Birindwa, fundi mwenzake, mtu wa Bukavu, amefungwa kichwa kwa kitambaa cha mke wake Ernestine. "Kumbe hata we," akamwambia Khaled kwa huzuni. Khaled angekimbia kama sikuwa nimemshika shati.

Ndani, Hyacinthe aliuliza kama mimi nitoke nje. "Abaki," Khaled akasema. "Bila yeye sitaweza kusema." Akasema yote, macho yake yako kwenye ndoo ya taka. Hyacinthe alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza.

"Hii mambo naisikia sana, na kwa watu wazima wenye heshima zao," akasema. "Sikia, Khaled. Punyeto haikaushi mugongo, haipofushi macho, haileti kichwa. Na kuiacha vilevile si dawa, wala si ugonjwa. Mwili unatengeneza mbegu kila siku. Zisipotoka zinarudi zenyewe mwilini, ao zinatoka mutu akiwa usingizini. Hakuna pipa ndani inajaa, hakuna pipa inaisha."

"Na dini?"

"Dini uulize sheikh wako, mi nakuambia mwili. Na kama umeacha na moyo umetulia, ule utulivu ni wako, baki nao. Mutu akitua muzigo wa haya aliobeba miaka, analala vizuri. Lakini kwa bibi harusi wako hauna kitu cha kuogopa."

Mimi nilishaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo, lakini Khaled ni fundi. Fundi hakubali gari limepona kabla hajajua lilikuwa na nini. "Sasa kichwa changu kilipona na nini?"

"Hiyo njo tutafute sasa. Ramadhani uliacha nini ingine?"

"Kula na kunywa muchana."

"Nini ingine?"

Khaled akafikiri. Kabla hajajibu, sauti ya Birindwa ikatoka kwenye benchi, maana mlango ulikuwa pazia tu na mwenyewe amechoka kungoja. "Muganga, fanya haraka, kichwa inapasuka. Tangu huyu Khaled aniachie ule mupira, mi sina jioni ya amani."

Nikamwona Khaled anafungua mdomo, na hakuufunga.

Siku hizo za vita petroli ilikuwa adimu, tone halimwagwi. Gari likiingia gereji ya Hamimu kufunguliwa tangi, fundi anatumbukiza mpira, ananyonya kwa mdomo mpaka petroli ipande, kisha anaugeuzia haraka kwenye bidoni, lile dumu la mafuta. Asipowahi, anameza. Akiwahi, amevuta mvuke wake. Kazi hiyo ilikuwa ya Khaled kwa sababu ana pumzi ndefu. Lakini aliyefunga hawezi kutia petroli mdomoni, kwa hiyo Ramadhani ilipoandama mpira ukapewa Birindwa, Mkristo, asiyefunga. Idi ilipopita hakuna aliyekumbuka kuudai. Kichwa cha Khaled kilikuwa kimehamia kwa Birindwa, na Khaled mwenyewe alikuwa anasifu usafi wake.

Hyacinthe, asiyecheka shida za watu, aliinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Mabega yalikuwa yanamcheza. Aliponyanyuka alimwita Birindwa ndani, akawapima wote wawili, akawaambia petroli ni sumu, ikiingia mapafuni inaua, kuanzia leo asinyonye mtu yeyote. "Mumwambie Hamimu anunue pompe ya mukono, ya kuvutia mafuta."

"Kwani humu ndani mulikuwa munaongea nini muda wote?" Birindwa akauliza.

"Mambo ya gari," nikamjibu.

Kurudi Buyenzi, Khaled alisahau kwamba hatujuani. Alinishika mkono barabarani akawa ananivuta kama mbuzi wa sokoni, mimi na goti langu, mpaka dukani kwa Sulemani. "Baba," akasema hata kabla ya salamu, "siku ya ndoa, chagua we. Hata kesho."

Kabla Sulemani hajaweka mita yake chini, Houda alitokea nyuma ya majora ya vitambaa, na safari hii hakuwa anacheka. "Na mi nani ameniuliza? Miezi yote hii nalia, nasema labda umeniona na kilema."

Khaled alinitazama. Nikaanza kukagua kitambaa cha maua ambacho sikukihitaji. Kuna mahali hata bibi hafiki.

"Nilizani niko mugonjwa," akamwambia. "Niliogopa utaolewa na mugonjwa. Siko mugonjwa."

Houda akasogea karibu naye. "Ungeniambia," akasema. "Ningekuuguza."

Machozi yalinitoka pale pale, na Sulemani akajifanya anapima kitambaa ambacho alikwisha kukipima.

Ndoa za wakati ule zilikuwa za mchana, kwa sababu ya amri ya kutotoka nje usiku. Nikahi asubuhi, pilau kabla ya adhuhuri, dufu likapigwa jua likiwaka na sisi wazee tukacheza kwa haraka kama tunaofukuzwa. Birindwa alikula sahani tatu, na kichwa chake kizima. Alasiri watu walikuwa wameshakimbilia kwao, maharusi wakaachwa kwa amani, maana hakuna wa kuwagongea mpaka kesho. Hiyo ndiyo faida pekee ya vita niliyowahi kuiona.

Kesho yake, kama desturi, bibi ndiye anayepeleka chai ya kwanza. Nilibisha, nikangoja, nikabisha tena. Nilikuwa na swali langu moja, nimelitunza tangu jana.

"Mume wangu," nikasema mlangoni, "kichwa kinaendeleaje?"

Sikujibiwa na Khaled. Kile kicheko cha mtaa wa pili kilipasuka ndani, na Houda akasema, "Hakimuumi, bibi. Nimeshamuuliza."

Kwa hiyo alikuwa amemwambia yote, mwenyewe, bila mimi. Niliiweka chai kizingitini nikarudi nyumbani natembea polepole, nimefurahi kiasi kwamba nilisahau kuchechemea.