Maji ya Taa za Batulbai

Magari mengi yaliyofika kwa Mwanakhamis binti Shaib yaliletwa na madereva wa kutumwa, na kila dereva alikuja na maneno ya mwenye gari. Batulbai hakutuma mtu. Alijiendesha mwenyewe mpaka mlangoni pa gereji, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, akazima injini, akateremka polepole huku ameshika rida yake ya waridi, vazi la wanawake wa Kibohora, isipeperushwe na upepo.

"Shikamoo mama," alisema Mwanakhamis, akifuta mikono.

"Marahaba, mwanangu. Taa zangu haziogi."

Mwanakhamis alidhani hakusikia vizuri. Batulbai akamshika kiwiko, akampeleka mbele ya gari na kumwonyesha vijipua viwili vyeusi juu ya bampa, kimoja chini ya kila taa. Hapo ndipo maji yalipokuwa yakitokea. Ukiwasha taa kisha ukavuta mkono wa wipa, maji huruka juu ya vioo vya taa na kuondoa tope. Marehemu mumewe, Mohamedhussein, alilinunua gari hilo la Kiswidi zaidi ya miaka thelathini nyuma, kwa bwana mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao Ulaya.

"Miezi minane sasa hakitoki kitu," alisema Batulbai. "Nikirudi kutoka Muheza jioni, mbele ni ukungu mtupu. Alhamisi iliyopita nusura nimpitie mtu wa baiskeli pale Pongwe. Nilipomwona alikwisha kuwa ubavuni kwangu."

"Hukujaribu kuzipangusa kwa kitambaa?"

"Nilizipangusa. Ukungu ukabaki palepale."

Jibu hilo lilimkaa Mwanakhamis kichwani, lakini hakulitilia maanani. Mkono wa mtu mzima, alijiambia, haupangusi kama maji.

Safari za Batulbai alizijua, kama walivyozijua wengi pale mtaani. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili, na duka lake la vitambaa alikwisha lifunga. Kila Alhamisi alikwenda Muheza kwa mdogo wake, Hiba, aliyepooza upande mmoja. Alimwogesha, akamchana nywele, akamkata kucha. Msichana wa kazi alikuwapo, lakini Batulbai hakumwachia kazi hizo.

Mwanakhamis alifungua boneti. Alikuwa mzaliwa wa Wete, Pemba, aliyejifunza umeme wa magari kwa mjomba wake, mtaa wa Makorora, na mjomba huyo alimfundisha kuanza na lililo rahisi. Akatazama tangi la maji. Lilikuwa nusu, na maji yake yalikuwa na rangi ya majani.

"Maji haya ya wapi, mama?"

"Ya kisima cha nyumbani."

"Yana chumvi?"

"Kisima gani cha Tanga hakina chumvi?"

Fyuzi ilikuwa nzima. Akamwomba Batulbai aingie ndani, awashe taa na avute mkono wa wipa. Kioo cha mbele kikapata maji tele, wipa zikacheza. Taa zikabaki kavu. Mwanakhamis akainama, akatega sikio karibu na tangi.

"Vuta tena, mama."

Kimya. Pampu ya taa ilikuwa mbali na ile ya kioo, ndogo kama bilauri, nayo haikutoa hata mguno. Akachomoa plagi yake, akatia testa. Batulbai alipovuta, testa ikawaka. Umeme, basi, ulikuwa unafika. Sasa ilibaki kujua kama ulikuwa na njia ya kurudi, maana umeme usio na njia ya kurudi haufanyi kazi. Akaufuata ule waya wa pili kwa kidole mpaka kwenye bolti iliyoufunga kwenye bodi, akakuta pameota kutu ya kijani. Akaifungua, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga upya.

"Vuta!"

Pampu ikanguruma. Batulbai akacheka ndani ya gari kama msichana. "Nimeisikia! Hiyo ndiyo sauti yake!"

Lakini maji yalitoka kushoto tu, nayo kwa kudondoka. Kulia hakukutoka hata tone. Mwanakhamis akalala chini ya bampa, akachomoa mpira wa upande ule na kuupuliza kwa mdomo. Ulikuwa umeziba. Akaukamua kidogo kidogo, kikatoka kidonge cha udongo mkavu. Nyigu alikuwa amejenga humo. Vile vijipua viwili vilikuwa vimejaa chumvi nyeupe ya kisima, akavitumbukiza katika kikombe cha siki aliyoinunua duka la jirani, akavizibua kwa sindano. Akamwaga maji yote ya tangi, akatia ya bomba.

Adhana ya magharibi ilimkuta anafunga skrubu ya mwisho. Walisali, kila mmoja pembeni kwake, kisha wakarudi kwenye gari. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Batulbai aliwasha taa, akavuta. Maji yakaruka kulia na kushoto, yakapiga vioo, yakatiririka. Ukuta wa mbele wa gereji ukajaa mwanga mweupe, hata nyufa za plasta zikahesabika.

Mwanakhamis alisimama pembeni akingoja kusikia furaha.

"Bado," alisema Batulbai.

"Bado nini, mama?"

"Ukungu. Upo vilevile."

Mwanakhamis akapima umeme wa kila taa, ukawa kamili. Akapitisha kidole kwenye vioo, vikalia kwa usafi. Akachukua baiskeli yake, akaisimamisha hatua ishirini mbele ya gari, katikati ya mwanga, akarudi dirishani.

"Mama, unaona nini pale mbele?"

"Ukuta."

Mwanakhamis aliitazama baiskeli, iliyosimama wazi mbele ya ukuta ule. Akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye balbu ya duka la dawa. "Na taa ile ya dukani, unaionaje?"

"Ina duara limeizunguka, kama mwezi wenye ua. Kwani taa zote haziko hivyo?" Alikwisha lisema ndipo akajisikia. Akaweka mikono juu ya usukani.

"Taa hazina ugonjwa tena, mama. Ni macho."

"Wewe fundi wa magari au daktari?"

"Fundi wa magari."

"Basi shika lako. Funga boneti, nataka kwenda nyumbani."

Mwanakhamis akaingiza mkono dirishani, akazima gari, akachomoa ufunguo. Mwenyewe alishangaa alivyofanya. Hakuwahi kumvunjia heshima mtu wa umri ule tangu azaliwe.

"Nisamehe, mama. Ufunguo sikupi."

"Unaniibia gari langu?"

"Baba yangu alikuwa mchumaji wa karafuu," alisema Mwanakhamis, na sauti yake ilikuwa chini. "Mwaka mmoja akaanza kusema mikarafuu imefunga sana, ndani kuna giza. Sisi wanawe tulijua kwamba ni macho. Tukaona haya kumwambia mtu mzima. Akakanyaga tawi ambalo halikuwapo. Hakuamka tena kitandani, mpaka tukamzika."

Batulbai hakumtazama. "Na Hiba? Alhamisi nani atamwogesha?"

"Nitakupeleka mimi."

Batulbai alifungua mlango. Aliteremka, akasimamisha bajaji, akapanda bila kuaga. Mwanakhamis alibaki na ufunguo kiganjani na aibu usoni. Siku ya pili hakusikia neno, na ya tatu hakusikia. Alimtarajia Qusai, mwana wa Batulbai aliyekuwa Dar es Salaam, apige simu na kumtukana. Qusai hakupiga. Jumatano jioni simu ikaita.

"Kesho saa mbili asubuhi," ilisema sauti ya Batulbai. "Usichelewe." Ikakatwa.

Kesho yake Mwanakhamis alishika usukani, Batulbai kando yake. Baada ya Pongwe Batulbai alisema tu kwamba gia ya tatu ya gari hilo haitaki papara, na Mwanakhamis akaitikia, "Naam, mama."

Hiba alikuwa kitandani dirishani, mwembamba, mwenye macho ya ucheshi. Mwanakhamis aliketi kwenye kiti cha mlangoni, akamwona Batulbai anavyofanya kazi. Alijua kila kitu kilipo. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye sabuni, kwenye kitana, kwenye kopo la poda. Kisha akatoa mkasi mdogo, akaushika mkono wa mdogo wake, akaanza kukata kucha kwa kupapasa.

Kwenye kidole cha tatu Hiba alikunja uso. Hakutoa sauti. Alikivuta kidole taratibu, akakificha chini ya shuka, akampa kingine. Shukani pakatoka doa jekundu. Mwanakhamis alimtazama Hiba, naye Hiba akamtikisia kichwa: usiseme.

Lakini Batulbai alikwisha gusa pale palipolowa. Akakisugua kidole gumba chake kwenye kidole cha shahada, akakipeleka puani.

"Nimekukata."

"Hujanikata, dada."

"Mara ngapi, Hiba?"

Hiba alilifunika doa kwa pindo la shuka. "Si kila wiki," alisema.

Batulbai aliuweka mkasi kitandani. Akageukia mlangoni. "Mwanangu, njoo ummalizie."

Mwanakhamis alinawa mikono kwanza, akapiga magoti pale, akamalizia vidole saba vilivyobaki. 

Walipokuwa wanarudi, wamepakia machungwa kiti cha nyuma, Batulbai aliuliza huku anatazama nje, "Daktari wa macho pale hospitali huwapo siku gani?"

Ilikuwa mtoto wa jicho, pande zote mbili. Qusai alikuja kutoka Dar es Salaam, akamshukuru Mwanakhamis kwa maneno mengi, na akataka kuliuza gari palepale. Mama yake akamwambia auze la kwake. Jicho la kwanza lilipasuliwa mwezi ule, la pili baada ya majuma sita. Muda wote huo Mwanakhamis alifunga gereji kila Alhamisi.

Asubuhi moja bajaji ilisimama mlangoni, Batulbai akashuka bila miwani myeusi aliyopewa hospitali. Alisimama mbele ya Mwanakhamis, akamtazama usoni kwa namna ya mtu anayechagua kitambaa.

"Kumbe u mtoto hivi! Miezi yote hii nilidhani nabishana na mtu wa makamo."

Mwanakhamis akacheka mpaka machozi. Batulbai alilizunguka gari lake. Akagusa mkwaruzo mlangoni, akagusa mwingine nyuma, akakuta bampa limebonyea.

"Na haya yote yametoka wapi?"

"Ulikuja nayo, mama."

"Yote?"

"Yote."

Batulbai alishika mdomo. Kisha akanyoosha mkono, na Mwanakhamis akaweka ufunguo humo. Daktari alikwisha mruhusu kuendesha mchana. Alhamisi ile aliondoka saa mbili asubuhi peke yake, na saa tisa alasiri, jua bado kali, gari likapita tena Barabara ya Kumi na Mbili, likapiga honi mara moja bila kusimama.