Mrehani wa Kwenye Sufuria

Wifi aliingia na begi, mfuko wa viazi na mdomo. Begi liliwekwa chumbani, viazi vikawekwa jikoni, lakini mdomo ulizunguka nyumba nzima, sebuleni, uani, mpaka mlangoni mwa choo. Nduguze walimwita Jemadari tangu utotoni, na kama kuna siku aliwahi kulikataa jina hilo, hakuna aliyeiona.

Alikuja kumuuguza mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye kiharusi kilikuwa kimempitia upande mmoja, kikamwachia mdomo uliopinda na mkono wa kushoto usioshika sawasawa. Daktari hakumung'unya maneno. Kiharusi kingine, alisema, na huyu bwana hainuki tena. Chumvi basi. Mkewe, fundi cherehani aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake pia, alilishika neno hilo kama lilivyo. Aliitoa chumvi yote ndani ya nyumba, akahamia uani kwenye bustani yake ya makopo na ndoo zilizopasuka. Alikuwa na kotimiri, mnanaa, mchaichai, pilipili, na mrehani mmoja mkubwa uliojaa kwenye sufuria kuukuu iliyopakwa rangi nyekundu ya mageti. Maharage aliyapika kwa tangawizi na kitunguu saumu, na kabla ya kuyaipua akayatupia majani ya mrehani na kuyakamulia ndimu. Mumewe alinuna wiki za mwanzo, kisha akazoea. Presha ikaanza kushuka, na Sindano akaanza kupata usingizi.

Sasa ndiyo aje Jemadari.

Hata maji ya kunywa hakuomba. Aliuliza sufuria ya marehemu mama iko wapi, ile iliyowalea wote. Sindano alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, akajibu kwamba ipo. Jemadari akafungua kabati moja baada ya jingine, akainama chini ya meza, akatoka mikono mitupu, na kabla jua halijazama majirani wote walishajua kwamba mke wa mdogo wake ameuza sufuria ya marehemu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Na sufuria ilikuwa pale pale mlangoni, nyekundu, na mrehani ndani yake. Ilipoanza kuvuja, mama mkwe mwenyewe aliijaza udongo akapanda mrehani, kwa sababu naye mwishoni alikatazwa chumvi na akawa anapika kwa majani. Sindano ndiye aliyekuwa naye miaka ile. Jemadari alikuwa mbali kwa mumewe, akaja siku ya mazishi, akalia kuliko wote, akaondoka. Kunyoosha kidole tu kungemaliza ugomvi, na mumewe, aliyeipaka ile rangi, naye aliijua, ila alipenda kukaa kando. Lakini Sindano alishaitwa mwizi mtaa mzima. Atafute, alijisemea. Macho anayo. Hilo lilikuwa kosa lake, na alilifanya kwa raha zake.

Kulikuwa na jambo moja asiloweza kulizuia. Katika ukoo ule, mtoto wa kwanza wa kike ndiye muonjaji. Mama yao hakuwahi kuipua chungu kabla binti yake mkubwa hajaonja na kusema kimekolea. Jemadari alikuja na haki yake hiyo kama askari na cheo, akadai mwiko. Sindano akamtazama mumewe, amtetee. Mumewe akasema mwache dada aonje, ndivyo tulivyokuzwa. Basi kila siku Jemadari akasimama mbele ya jiko, mgongo kwa mwenye jiko, akaonja, akasema imekolea. Na kila siku alikuwa amefunga kitu kwenye pindo la kitenge chake.

Kliniki, nesi alimpima mgonjwa, akatazama kipimo, akampima tena. Akamgeukia Sindano mbele ya foleni nzima.

"Mama, unampikia nini huyu? Unataka kumuua?"

Sindano alitamani sakafu impokee. Wanawake kwenye benchi walimwangalia wakatazamana. Mumewe, pembeni yake, alikuwa anazitazama kandambili zake.

Walipofika nyumbani, maharage Sindano aliyoyaacha jikoni Jemadari alikuwa ameshayaonja. Sindano akachukua kijiko, akachota maharage, akayaweka ulimini. Chumvi! Chumvi ya kutosha kuhifadhia samaki. Damu ikamchemka, lakini hakumfuata wifi. Alimfuata mume, akamuuliza ameijua tangu lini.

"Yalikuwa matamu tu," alisema, mdomo wake uliopinda ukihangaika na maneno. "Yana ladha ya nyumbani."

"Kwani hapa ni wapi?"

Akazitazama kandambili zake tena, na hilo lilimuuma Sindano kuliko maneno yote ya Jemadari. Sikio la kufa halisikii dawa, sawa, lakini sikio hili lilikuwa linasikia vizuri kabisa. Lilikuwa linataka kufa huku linasifia mchuzi.

Kuanzia hapo vita vikawa wazi. Sindano alihamisha jiko likakaa kando ya cherehani, mguu mmoja kwenye pedeli, jicho moja kwenye chungu, na mwiko akaulaza mapajani. Jemadari alipodai kuonja aliambiwa akaonje kwake. Akasimama uani akawatangazia majirani kwamba mdogo wake analishwa majani kama mbuzi, kwamba mama yao hakuwahi kupika takataka, kwamba kuna wanawake wakiolewa wanaona ukoo wa watu umeanza siku walipoingia wao. Majirani walitikisa vichwa, wakaenda kuyasimulia kwingine.

Siku Sindano alipotoka kupeleka sare za wateja, Jemadari alichemsha maji, akayakoroga chumvi mpaka ikakataa kuyeyuka. Akatoka nayo mlangoni. Aliuanzia mrehani kwa sababu ndio uliokuwa mkubwa na ndio ulionukia nyumba nzima. Akaumwagia maji yote. Chungu cha pili hakukichemsha. Aliona huo umetosha kuwa mfano.

Sindano aliporudi majani yalikuwa yamelala, meusi, na siku zilizofuata udongo ukaota ukoko mweupe. Alijaribu kuusuuza, akakata ncha akaziweka kwenye kikombe cha maji. Nazo zikaoza. Ndipo alipomwita mumewe uani, akamwita na wifi.

Jemadari alikuja amejishika kiuno, akakiri bila kuulizwa. Alisema amefanya na angefanya tena, kwa sababu nyumba ya mama yake si zizi.

"Sasa nikuoneshe sufuria ya mama yako," Sindano alisema.

Akachuchumaa, akakwangua rangi nyekundu kwa mkasi wake wa kazi, karibu na mkono wa sufuria. Ilibanduka kidogo kidogo. Chini yake kukatokea uvimbe wa chuma uliopinda, mchomeleo wa kwanza wa maisha ya mumewe, alioufanya akiwa bado mwanagenzi, ambao mama yao alikuwa akiuonesha kila mgeni huku akicheka. Hakuna aliyelelewa katika nyumba ile asiyeujua.

Jemadari aliutazama. Akasema Sindano muongo, lakini alisema kwa sauti ndogo, na mkono ulikuwa umeshashuka kiunoni.

"Mrehani aliupanda yeye," Sindano akaendelea, na hakutaka kabisa kumhurumia. "Alipokatazwa chumvi. Hicho ndicho alichokula mpaka anakufa, majani ya hapo. Ungekuja kumuona ungejua. Haya, onja. Si wewe muonjaji?"

Jemadari akainama. Labda ilikuwa mazoea, labda alikuwa hajui mikono yake inafanya nini. Alichovya kidole kwenye udongo, akakitia mdomoni.

"Imekolea, dada?" aliuliza mdogo wake.

Sindano akamgeukia kama aliyechomwa. Alimwambia afunge huo mdomo wake, yeye ndiye aliyeila ile chumvi akiijua, akakaa kimya mkewe anaitwa muuaji mbele za watu. Alimwambia kwamba dada yake ameua mti, lakini yeye ameona raha wanawake wawili wauane kwa ajili ya sahani yake. Mwanamume alifumba macho. Lile jicho la upande mbovu halikufumba vizuri, likabaki linamtazama mkewe.

Jemadari hakulia, na hakuomba radhi. Sindano naye hakusema kwamba angeweza kunyoosha kidole siku ile ya kwanza. Alilijua.

Jioni alibandika maharage. Tangawizi ilikuwepo, kitunguu saumu kilikuwepo, ndimu pia. Mkono ulinyooka wenyewe kuelekea mlangoni kuchuma mrehani, ukarudi mtupu. Jemadari alikuwa amesimama kizingitini. Begi lilikuwa limefungwa nyuma yake, na hakuna aliyekuwa amemwambia abaki wala aende.

Sindano alimtazama kitenge, pindo kwa pindo, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akachota kwa mwiko, akamnyooshea.

"Onja."

Jemadari akaweka mikono nyuma, akanyoosha shingo, akaonja. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu kuliko maharage yanavyohitaji.

"Haijakolea," alisema.

"Najua."

Sindano akaipua, akampakulia mumewe. Naye akala yote, na hakuomba kitu.