Mbuzi wa Mativo

"Mama Koki, hivi wewe na mzee mlijuaje kwamba mtafaana chumbani?"

Batulo aliniuliza hivyo tukiwa kwenye foleni ya maji, Shauri Moyo, mwaka ule mifereji ilipokauka. Alikuwa jirani yangu, akiuza vitambaa soko la Gikomba, na hakuna neno aliloliogopa. Nikamwambia mambo hayo hayasemwi mbele ya mitungi ya watu. Akacheka.

"Mimi siku ya kwanza kumwona mume wangu Kadar, nilidhani ni dereva aliyemleta bwana harusi."

Nilikuwa mjane tayari. Binti yangu Koki alipiga taipu mjini, na mchumba wake, Mativo, aliendesha lori la kiwanda huko Baba Dogo. Kijana nadhifu, koti la ngozi hata jua likiwaka. Nilimpenda, sifichi. Kila Jumapili alikula chapati zangu na kuzisifu, nami nikawa nangoja mbuzi tu. Kwetu Ukambani, mbuzi wa ntheo wakishaletwa na kuliwa, msichana ni mke, hata kabla ya pete ya kanisa. Mbuzi hao hawarudi.

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na pazia katikati. Jumapili moja nilikuwa upande wangu nikipiga pasi kitambaa cha akina mama wa kanisa, wao upande wa viti. Pazia huziba macho, masikio haliyawezi.

"Koki, kuja tukae kwanza," Mativo alisema. "Nimepata nyumba Donholm, choo ndani. Tukifaana, Krismasi naleta mbuzi. Rafiki yangu Zedekiah alioa bila kujaribu, saa hii analala kwa kochi."

"Na tusipofaana?"

"Kila mtu anashika njia yake."

Koki akauliza, "Na mimi nikiona ni wewe hufai?"

Mativo akacheka kwa moyo wote. "Wacha mchezo. Mwanaume hufaa tu. Mwanamke ndiye huwa baridi."

Niliinua pasi nisiunguze kitambaa.

"Mwaitu," Koki akaniita, kama tuitavyo mama kwetu. "Wewe na baba mlijuaje?"

Swali la Batulo, sasa limeingia nyumbani. Nilimwomba Mungu anipe maneno, nikafunua pazia.

"Hatukujua kitu," nikasema. "Baba yako Ndolo alileta mbuzi akiwa hajui anapata nini. Usiku wa kwanza, humu humu, nilitetemeka. Ndolo akaketi kwenye kile kigoda, akachukua mwiko aliokuwa akichonga, akaanza kuupiga msasa. Akaniambia, 'Wewe lala. Siku ukiwa na la kusema, utaniambia.'"

Bado nausikia ule msasa, na harufu ya mti wa muhugu ikijaa chumba. Aliupiga ule mwiko jioni baada ya jioni mpaka ukawa mwembamba kama jani. Na kila jioni aliniuliza: hili linakupendeza? Hili linakuumiza? Mimi nililelewa bila kuulizwa. Sikuwa na maneno. Aliyangoja.

"Lakini Mama," Mativo akasema kwa heshima, "na kama hamngefaana?"

"Hakuja kunipima, mwanangu. Alikuja kuniuliza. Kufaana tulikutengeneza."

Koki akamgeukia. "Wewe umewahi kuniuliza?"

"Kukuuliza nini?"

"Ninachopenda. Ninachoogopa. Chochote."

Mativo akatazama sahani yake. "Sasa mtu anauliza aje vitu kama hivyo? Utakuja Donholm, tutaona."

"Utaona wewe," Koki akasema. "Mimi nitakuwa naangaliwa."

Akainuka, akaliondoa koti la ngozi kwenye msumari, akalipangusa vumbi kwenye ukosi taratibu, kama mke anayemsindikiza mumewe kazini. Akamnyooshea.

"Siendi kujaribiwa, Mativo. Ukiwa na la kuniuliza, niulize sasa, mama akisikia."

Mativo alinitazama, akingoja nimtetee. Chapati yake ilikuwa imebaki nusu. Niliketi kwenye kigoda cha Ndolo.

Akalivaa koti, akafunga zipu mpaka shingoni, akatoka.