Stuli Iliyoikataa Nyumba Nzima

Stuli ilikutwa mlangoni asubuhi ya Jumatatu, imefungwa kwa magazeti ya zamani na kamba ya katani, na juu yake kipande cha karatasi chenye maneno mawili: "Ya kwako." Mzee Jalada hakuhitaji kuuliza imetoka kwa nani. Mwandiko ule wa penseli ya seremala, mnene, uliolalia upande mmoja, aliufahamu tangu walipokuwa darasa moja. Isitoshe, mtaa mzima ulikuwa na mtu mmoja tu wa kuleta zawadi na kuondoka bila kubisha hodi.

Mtu huyo alikuwa Fundi Kimya, seremala. Jina walimpa wateja wake, na hawakumwonea, maana maneno yake ya kutwa nzima yangeenea kwenye kijiko. Mzee Jalada yeye alikuwa kinyume chake. Miaka thelathini na mitatu alikuwa karani wa masjala, akitunza mafaili ya ofisi kubwa, na mtu aliyekaa na karatasi muda wote huo akimpata wa kumsikiliza hafungi mdomo. Mmoja alisema, mwingine akapiga randa, na urafiki ukaenda hivyo hivyo bila matatizo.

Miezi miwili nyuma Mzee Jalada alikuwa amestaafu. Kwenye sherehe ya kumuaga, mkuu wa ofisi alisimama na kusema, "Mzee wetu, siku yoyote ukitukumbuka, njoo. Kiti chako kipo." Watu wakapiga makofi. Mzee wa watu akayaamini maneno yale kama yalivyo. Wiki tatu baadaye akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda. Kwenye kiti chake akamkuta binti mmoja mwenye adabu nzuri tu, asiyemjua. Mlinzi akamwonyesha benchi la wageni na kumpa kitabu ajaze: jina, saa, sababu ya kuja. Hapo kwenye sababu ya kuja, kalamu ilikwama. Mwishowe aliandika "Kusalimia", akakaa robo saa, akaondoka bila kuitwa.

Kisa hicho alimsimulia Fundi Kimya huku akicheka mpaka machozi. Fundi hakucheka. Aliuliza neno moja tu, "Sababu?" kisha akarudi kwenye ubao wake.

Nyumbani nako mambo hayakuwa rahisi. Mkewe alikuwa na ratiba yake ya miaka mingi, na ratiba hiyo haikuwa na mume ndani yake. Akifagia sebule, mzee yupo. Akiingia jikoni, mzee kasimama mbele ya kabati. "Baba watoto," alimwambia siku moja, akitania, "tangu unioe sijawahi kuwa na mume mchana. Sijui hata nikuweke wapi." Mzee Jalada alicheka naye. Lakini neno lile lilimchoma, na alilala nalo.

Kwa hiyo stuli ilipokuja, furaha yake haikuwa ndogo. Aliyaondoa magazeti, akaipangusa kwa kiganja. Mbao zilikuwa laini, miguu imeungwa bila msumari hata mmoja. Akaiweka sebuleni, akaketi. Stuli ikamwangusha kushoto. Akaigeuza, ikamwangusha kulia.

"Mama watoto! Njoo uone. Stuli inacheza."

Mkewe alikuja na mwiko mkononi, akaisukuma kwa kidole. "Hii haichezi, baba watoto. Hii inacheza ngoma."

"Kimya hajawahi kutoa kazi mbovu."

"Basi macho yamemwishia. Umri huo jamani, na vumbi lile. Kunja boksi uweke chini ya mguu, maisha yaendelee."

"Boksi? Chini ya kazi ya Kimya? Bora nikae chini."

Alichukua futi ya mkewe ya kushonea, akapima. Mguu wa kwanza sentimita arobaini na tano, wa pili arobaini na tatu na nusu, wa tatu arobaini na sita, wa nne arobaini na nne. Akapima tena, namba zikawa zile zile. Hii haikuwa kuteleza kwa msumeno. Miguu minne, na hakuna hata miwili iliyolingana! Kama ni macho, basi rafiki yake alikuwa amekwisha, na hakuna aliyemwambia. Nani angemwambia? Ni nani ana ubavu wa kumtazama seremala usoni na kumwambia kazi yake imepinda?

Lakini alipoipindua tena, jambo lingine likamkuna kichwa. Viungo vilikaa barabara, hata wembe usingepita. Ncha za miguu zilikatwa kwa mshazari na kupigwa msasa. Mtu asiyeona hawezi kuunga mbao namna hii. Na chini ya kikalio, karibu na ukingo, palikuwa na mshale mdogo wa penseli.

Mshale wa nini? Unaelekeza wapi?

Karani ni karani hata akistaafu. Alitafuta daftari, akapiga mistari, akaandika juu: Mahali. Matokeo. Kisha akaanza kuizungusha stuli nyumba nzima. Sebuleni karibu na mlango: inacheza. Sebuleni chini ya dirisha: inacheza. Jikoni: inacheza, nimefukuzwa. Chumbani, ukumbini, uani chini ya kamba ya nguo, kote akaigeuzageuza huku na huku akiufuata mshale. Jumanne akaingia stoo. Jumatano alijaribu bafuni, na mkewe akashindwa kujizuia.

"Umebakiza dari," alisema, ameshika mbavu.

"Lazima ipo sababu."

"Sababu ni kwamba rafiki yako kazeeka, nawe hutaki kukubali."

Mzee Jalada aliandika kwenye daftari: Bafuni: inacheza. Alikuwa anaogopa kwamba mkewe amesema kweli. Aliogopa zaidi akifikiria Fundi Kimya peke yake kule karakana, anapima kwa macho yasiyoona na hajui. Watu kama wao, wakishanyang'anywa kazi, huwekwa wapi? Yeye mwenyewe alikuwa bado anatafuta jibu.

Alhamisi asubuhi alipiga moyo konde. Akaitia stuli begani, akaenda. Njiani alizipanga sentensi zake kwa utaratibu: kwanza shukrani, pili sifa za viungo, tatu, kwa upole, jina la daktari wa macho.

Karakana ile zamani ilikuwa mahali pa kuoshea magari. Fundi Kimya aliinamia meza yake ya kazi, akipiga randa, maranda yakimwangukia miguuni. Aliinua kichwa, akakitikisa kidogo, akaendelea. Mzee Jalada akasimama pale mlangoni, ameegemea fremu, mahali alipokuwa akisimama siku zote. Akafungua kinywa aanze na shukrani.

Hakuanza. Macho yake yalikuwa yametua kwenye miguu ya meza ya kazi. Mguu wa mbele ulikuwa mfupi, wa nyuma mrefu kwa vidole viwili. Akatazama kabati la vifaa: nalo hivyo hivyo, upande mmoja umepunguzwa. Rafu ya misumari, meza ndogo ya kukatia mbao, vyote vilikuwa na miguu isiyolingana, na vyote vimetulia kimya kama mwenyewe. Kisha akaitazama sakafu. Ilikuwa na mteremko kuelekea mfereji wa maji, imezibwazibwa kwa saruji, huku imeinuka, huku imebonyea. Miaka yote amekuwa akiikanyaga, hakuwahi kuiona!

Karibu na dirisha, kati ya rafu na meza, palikuwa na nafasi iliyofagiliwa. Maranda yalikuwa kila mahali isipokuwa pale.

Alivuka karakana akiwa na stuli mikononi. Akaiweka. Ikacheza. Akaipindua, akautafuta mshale, akauelekeza dirishani, akaiweka tena. Akaibonyeza kwa viganja viwili. Haikutikisika. Akaketi polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Akajitupa kushoto, akajitupa kulia. Stuli ilitulia tuli.

"Siku nne," alisema Fundi Kimya bila kugeuka. "Nilidhani mbili."

"Kimya wewe! Nimeingia mpaka bafuni! Kwa nini hukuniambia tu nije nikae?"

"Ungekataa."

"Ningesema nini?"

"Kwamba hutaki kunisumbua."

Hayo ndiyo maneno hasa ambayo Mzee Jalada angeyasema. Alijisikia furaha, na kwa haya akageuza macho pembeni.

Pembeni hapo aliona lundo la vipande vya mbao, limefika kiunoni, kila kipande kimeandikwa kwa penseli.

"Na hivi je?"

"Vipimo."

"Vya tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

"Na ukitaka kimoja?"

Fundi Kimya aliinua mabega. Mzee Jalada akaikunja mikono yote miwili ya shati, akaanza kuvipanga. Milango huku, madirisha kule, vitanda kando, makabati nyuma. Alisema peke yake, akauliza, akajijibu, na randa ikamwitikia. Kufika saa sita alikuwa ameshapanga robo ya lundo, na mikono imejaa vumbi mpaka kwenye viwiko.

Ndipo akakuta kipande kipya, mbao bado nyeupe. Arobaini na tano. Arobaini na tatu na nusu. Arobaini na sita. Arobaini na nne. Chini ya namba hizo, kwa mwandiko ule uliolalia upande, palikuwa na mstari mmoja: "Sababu ya kuja: haihitajiki."

Aliusoma mara mbili. Akayatazama mafungu yake: milango, madirisha, vitanda, makabati. Kwa miaka thelathini na mitatu hakuwahi kutoka ofisini na hata karatasi moja isiyo yake. Kile kibao alikitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Jioni mkewe alimpokea uani, akamtazama vumbi lake juu hadi chini.

"Kutwa nzima! Na stuli yenyewe iko wapi?"

"Nimeiacha kazini," alisema Mzee Jalada, akaenda kunawa mikono.