Rudi Golini

Chuo cha uuguzi kilikuwa na wanafunzi mia moja na sitini, na wanaume kati yao walikuwa kumi na tisa tu. Toa wawili wasiotaka hata kuuona mpira, toa mmoja mwenye goti bovu. Waliobaki ndio timu. Kocha naye alikosekana. Walimu wa kiume walichomoka mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake, mpaka mzigo ukamwangukia Sista, mwalimu wa vitendo aliyekuwa ametumikia wodi miaka ishirini na minane kabla ya kuja kufundisha. Mpira aliujua kwa kuutazama sebuleni na mumewe.

"Utawafundisha nini, mama watoto?" mumewe alimuuliza, kichwa kimeinamia cherehani. "Kutandika vitanda?"

"Wewe nishonee namba za mgongoni. Maneno niachie mimi."

Mazoezi yalifanyika nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, kando ya kamba za kuanikia. Mpira ukigonga shuka, mama mfuaji alitoka na mdomo wake wote na vijana wakatawanyika kama kuku. Habari zikavuja, na vyuo vingine vikaibatiza timu jina: Mashuka.

Sista aliwapangia mchezo kama anavyopanga zamu. "Kila mtu na mgonjwa wake," aliwaambia. "Humwachi mpaka umemkabidhi kwa mwenzako." Golini alimweka mwanafunzi wa mwaka wa pili waliyemwita Mlingoti, mrefu hata mlango wa wodi aliupita ameinama, mpole, mwenye sauti ndogo kuliko umbo lake.

Mechi ya kwanza wakawafunga chuo cha kilimo moja bila. Watu wakasema bahati. Ya pili wakashinda, ya tatu wakatoka sare, ya nne wakashinda tena, na waliokuwa wanacheka wakaanza kukohoa. Walipoingia fainali, mkuu wa chuo aliisoma barua ya kamati ya mashindano ya vyuo mara mbili, akampa katibu wake aisome naye, maana hakuyaamini macho yake.

Utamu ukampanda Sista kichwani. Yeye aliyewahi kuogopa hata kupuliza filimbi, sasa alikuwa anabishana na marefa mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kabati la ofisi ya walimu alishalipangusa vumbi, akaacha nafasi ya kombe.

Fainali walikutana na chuo cha ufundi, mabingwa wa miaka mitano mfululizo. Mashuka walipata goli mapema, kwa kona, kisha wakajifungia nyuma. Ufundi walikuwa na mshambuliaji mmoja, namba tisa, hodari wa kujiangusha. Akiguswa kidogo tu, chini; analia kama kavunjwa mbavu, refa akipita anainuka na kukimbia. Mara nne alifanya hivyo, na mara zote nne Sista alimtolea maneno ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuyasikia.

Dakika ya themanini na moja akaanguka tena. Mpira ulikuwa pembeni kabisa, upande wa pili. Hakuna aliyekuwa karibu naye.

Mlingoti akatoka golini mbio.

"Rudi golini!" Sista alipiga kelele. "Mwache huyo, anajifanya! Rudi golini!"

Mlingoti hakugeuka. Krosi ikaja, mchezaji wa Ufundi akausukuma mpira taratibu kwenye goli tupu. Upande mmoja wa uwanja ukalipuka kwa shangwe. Sista akashika kichwa kwa hasira.

"Sista!" Ile sauti ndogo ilikuwa imepasuka. "Hapumui!"

Shangwe ikakatika vipande vipande, huku wengine wakiendelea kuruka, wengine wakiwa wameshanyamaza. Sista alisimama pale pale. Kisha akavua viatu, akakimbia.

Alipopiga magoti na kugusa shingo ya yule kijana, hakukuta mapigo. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Mlingoti alikuwa tayari anakibonyeza kifua, mikono imenyooka, anahesabu kwa sauti kama alivyofundishwa darasani. Sista akainua kidevu, akampulizia pumzi. Mlingoti alipochoka, beki akashika nafasi yake. Beki akampisha kapteni. Hakuna aliyewapanga. Gari la wagonjwa lilikuwa limezibwa na mabasi nje ya geti, na dakika zilizopita mpaka mashine ya kushtua moyo ikafika zilikuwa ndefu kuliko msimu mzima. Mashine ilipomshtua mara ya pili, namba tisa alivuta pumzi kwa mkoromo.

Yule aliyefunga goli alikuwa amekaa kwenye nyasi, analia. "Sikumwona, jamani. Niliona mpira tu."

Maneno yale yalimchoma Sista. Yeye alikuwa amemwona.

Kamati iliamua goli lihesabiwe, na dakika tisa zilizobaki zichezwe Alhamisi. Zilichezwa mbele ya watu wachache, bila mtu kuwa na moyo wa kupiga shuti. Kwenye penalti Mlingoti akapangua mbili, Mashuka wakawa mabingwa. Pichani Sista alilishika kombe kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiyemjua.

"Mbona huna raha?" mumewe aliuliza. Sista akasingizia uchovu.

Jumamosi akaenda na Mlingoti kumtazama mgonjwa. Namba tisa alikuwa ameketi kitandani, mama yake kando. Mama aliinuka, akamkamata Sista mikono yote miwili.

"Mungu akulipe, mwenzangu. Umenirudishia mwanangu."

Sista alifungua kinywa kuitikia dua ile, akashindwa. "Si mimi," alisema. "Mimi nilimwambia huyu amwache. Nilipiga kelele, nikamwambia arudi golini."

Mama hakuiachia mikono yake, ila alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Mlingoti aliangalia sakafu.

Aliyecheka ni mgonjwa, mkono juu ya kifua kwa maumivu. "Hata mimi ningejiacha, Sista. Si nilishajiangusha mara nne?"

Mama yake hakucheka. Alisema, "Kaa basi, mwenzangu. Usisimame," akamsogezea kiti.

Walipotoka, Sista alisimama katikati ya korido. "Ulinisikia siku ile?"

"Nilikusikia."

"Na bado ukaenda?"

"Niliona alivyoanguka. Hakutanguliza mikono." Akasita. "Nilikuogopa lakini, Sista. Niliwaza nikikosea hutanisamehe."

Sista alimshika kijana mkono, wakasimama hivyo huku wauguzi wa zamu wakipita na vitoroli vyao, mmoja akiwaomba wasogee kidogo, tafadhali, njia.