Kipimo cha Robo Saa

Kila asubuhi nilifuta lenzi za hadubini kwa pamba, nikawasha taa, nikamwita mgonjwa wa kwanza. Jumanne ile nilikuwa bado nafuta, Mzee Lazaro, mwenye zahanati, akaingia, akaikumbatia hadubini na kwenda kuifungia stoo.

"Ya kizamani hii. Mgeni rasmi asiikute."

"Sawa, mzee," nikasema, ingawa haikuwa sawa.

Tangu serikali iruhusu zahanati za watu binafsi, hapa Iguguno zilikuwa tatu, na Lazaro alitaka kuwapita wenzake. Alikuwa ameagiza vipimo vipya vya malaria: kikaratasi chembamba chenye kingamwili zinazonasa protini ya kijidudu. Tone la damu, robo saa, jibu. Kwa hadubini, foleni ikiwa ndefu, watu walishinda kutwa.

Ila visiguswe kabla ya kuzinduliwa. Vilipangwa mezani, vikazungushiwa utepe mwekundu, na mkasi ukalazwa kwenye sinia. Mgeni rasmi, diwani, alitarajiwa saa tatu. Saa sita hajafika. Kwaya ilikwisha kuimba mara nne. Lazaro aliipitia tena hotuba yake juu ya thamani ya muda, akaiongezea ukurasa.

Saa saba akaja Dina, mkulima wa alizeti, na mwanawe Elina mgongoni. Mtoto alikuwa wa moto, macho yamelegea.

"Shikamoo, mzee. Njiani amepata degedege."

"Marahaba. Kaa hapa mbele, mama. Utakuwa mgonjwa wetu wa kwanza wa kisasa. Mtapigwa na picha!"

"Tutangoja mpaka lini?"

"Kipimo ni robo saa tu."

"Kipimo nimekisikia. Nauliza mgeni."

Wanakwaya wakacheka. Lazaro hakucheka. Bila jibu la maabara hakuna sindano, akasema. Hapa si kwa mganga.

Nililowesha kitambaa, nikamfuta Elina kifua. Mkono wake ukakakamaa ndani ya wangu, macho yakageuka juu.

"Damari!" Lazaro aliita. "Rudi kwenye mstari wa mapokezi. Vumbi la gari lile!"

Lilikuwa lori la mahindi. Lilipita.

Nikasimama mbele ya meza. Nikasema kwa sauti ambayo kwaya nzima iliisikia.

"Mzee, diwani aje leo, aje mwakani, mimi mtoto huyu nampima sasa hivi. Naomba huo mkasi."